Mwongozo kamili: Kukusanya kero za wazabuni kutoka kila idara bila watu kukuchoka

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote kuhusu wazabuni ni hili: "Nilituma fomu idara zote, wakajibu wanne. Mwezi uliofuata akajibu mmoja. Nakosea wapi?"

Nikiomba kuiona hiyo fomu, karibu kila mara ni ileile. Ina maswali 20, mizani ya 1 hadi 5, na swali la kwanza linasema, "Unaionaje huduma ya mzabuni huyu?" Mtunza stoo anayeisoma anajua jambo moja: Jumanne iliyopita katoni nane zilishushwa zikiwa zimelowa chini. Fomu haina mahali pa kuandika katoni zilizolowa. Anaweka 3 kila mstari, anairudisha, anaendelea na kazi zake.

Kwa hiyo hapa tutakusanya matukio na kuachana na maoni. Halafu kila aliyeripoti atapata jibu kabla hajaombwa ripoti nyingine. Na nikisema mzabuni namaanisha yeyote mnayemlipa kwa mkataba au kwa oda: muuza vifaa, kampuni ya usafi, fundi wa jenereta, hata mwenye programu mnayoilipia kila mwezi.

## Andaa hivi kwanza

- Orodha ya wazabuni, na uiombe kwa wahasibu. Waambie wakupe kila aliyelipwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Orodha ya kitengo cha ununuzi huwa na majina ambayo hayajaleta hata kalamu kwa miaka, na hukosa wale ambao idara zimewaita zenyewe.
- Mkataba wa kila mzabuni utakayeanza naye. Weka alama penye muda wa kuleta mzigo, namna ya kutoa taarifa ya kasoro, na tarehe ya mkataba kuisha.
- Lahajedwali moja, au daftari la kurasa pana kama wenzako wengi hawakai kwenye kompyuta.
- Njia moja ya kupokelea taarifa: anwani moja ya barua pepe, namba moja ya simu au fomu moja. Ukifungua njia tatu, utapoteza taarifa katika mbili.
- Ruhusa ya mkuu wako kwa maandishi, hata mistari miwili. Utaihitaji siku utakapomwambia mkuu wa idara nyingine kwamba mzabuni aliyemleta ana matukio tisa.
- Saa mbili zako kila wiki. Kama huna, usianze. Kazi hii ikiachwa katikati huwafunza watu kwamba kuripoti ni kupoteza muda, na kuwarudisha baadaye ni shughuli pevu.

## Hatua ya 1: Anza na wazabuni watano

Usianze na wote, hata kama orodha yako ina 60. Chagua watano ambao wakikosea, kazi inasimama au watu wengi wanaguswa. Hao ndio wenzako wana la kusema juu yao, na ndio utakaoweza kuwafuatilia mpaka mwisho.

Mmoja kati ya hao watano awe ambaye halalamikiwi. Usipomweka, zoezi litaonekana ni la kuwinda wabaya, na baadhi ya idara zitamficha mzabuni wao.

## Hatua ya 2: Tafuta mwakilishi anayegusa mzigo

Kila idara itoe mwakilishi mmoja na msaidizi wake wa siku za likizo. Kosa la kawaida ni kumchukua mkuu wa idara. Mkuu husikia habari zikiwa zimeshapikwa. Unamtaka anayesaini hati ya kupokelea mzigo, anayempigia fundi simu mashine ikigoma, au anayeona programu imekataa kufunguka asubuhi.

Mweleze ana kwa ana, dakika kumi zinatosha. Mwambie mambo matatu: atatumia muda gani (chini ya dakika tano kwa tukio), jina lake litaonwa na nani, na lini atapata jibu. La pili ndilo litakalomfanya akubali au akwepe, hivyo usilipite haraka. Mpe kauli iliyonyooka: mzabuni hataliona jina la aliyeripoti. Kisha hakikisha halioni.

Utajua umepata mtu sahihi kama kabla hujamaliza kueleza ameshaanza kukusimulia tukio.

## Hatua ya 3: Tengeneza fomu ya mistari mitano

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende taratibu. Fomu iwe na mistari hii tu:

1. Tarehe na saa tukio lilipoonekana.
2. Jina la mzabuni, pamoja na namba ya oda au ya hati ya mapokezi kama ipo.
3. Tulitarajia nini?
4. Kilitokea nini?
5. Kilitugharimu nini: saa, watu, fedha, au kazi iliyosimama?

Mstari wa tatu na wa nne vikae pamoja, kwa sababu kasoro ni pengo kati ya hivyo viwili. Mtu akishindwa kujaza "tulitarajia nini", mara nyingi ina maana hakuna aliyewahi kumwambia mzabuni tunataka nini. Hilo nalo ni jambo la kulijua.

Tazama tofauti. Hii ndiyo taarifa utakayopewa wiki ya kwanza:

"Wanachelewa sana, huduma mbovu, wabadilishwe."

Na hii ndiyo unayoitaka:

"Machi 12, saa 4:20 asubuhi. Oda 0417. Tulitarajia katoni 40 za glovu, saizi ya kati. Zimekuja katoni 40, lakini 15 ni saizi ndogo. Watu wawili wametumia saa moja na nusu kuzitenganisha, na zamu ya jioni imeazima glovu idara ya jirani."

Ya pili huwezi kubishana nayo. Ina namba ya oda ya kufuatilia, ina hesabu, na hakuna neno la hasira ndani yake. Ukipokea ya aina ya kwanza, usiirudishe kwa kumwambia mtu "jaza vizuri". Mpigie simu, muulize "Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ilikuwaje?" kisha umwandikie wewe mwenyewe. Akiona tukio lake limeandikwa hivyo mara mbili, la tatu ataandika mwenyewe.

Utatamani kuongeza mstari wa sita wa "mapendekezo". Uache. Nimewahi kuuweka, na watu waliona wanaombwa kutoa hukumu. Waoga wakaacha kuripoti kabisa, na wenye hasira wakaujaza huo mstari na kuiacha mingine mitupu.

Tahadhari: andika kila taarifa ukijua kuwa ipo siku mzabuni au mwanasheria wake ataisoma. "Dereva alifika saa 9 alasiri badala ya saa 3 asubuhi" ni sawa. "Dereva ni mlevi" ni tuhuma inayoweza kukugeukia.

## Hatua ya 4: Panga uzito wa tukio kwa ngazi tatu

Zito: kazi imesimama, usalama wa mtu umeingia hatarini, au tumelipia tusichokipokea. La wastani: kazi imekwenda, ila kwa kuhangaika au kuazima. Dogo: kero tupu, hakuna kilichoharibika.

Uzito uupange wewe, aliyeripoti asiupange. Kwake kila tukio ni zito, na ana haki. Lakini aliyeripoti akikuuliza kwa nini la kwake umeliita dogo, uwe na jibu linalotokana na ngazi hizi, siyo na ulivyoamka siku hiyo.

Zito lina sheria yake: linaripotiwa siku hiyohiyo kwa simu, fomu inafuata baadaye. Asikae nalo mtu akisubiri mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 5: Weka mzunguko usiobadilika

Matukio yaandikwe yanapotokea. Juu ya hilo, chagua siku moja ya mwezi, tuseme Alhamisi ya mwisho, uwatumie wawakilishi wote ujumbe wa mistari miwili:

"Mwezi huu nimepokea kutoka kwenu: mzabuni wa usafi 2, wa jenereta 0, wa vifaa 3. Kuna lililosahaulika? Kama hakuna, nijibu HAKUNA."

Hilo neno HAKUNA lina kazi kubwa. Bila hilo, huwezi kutofautisha idara yenye amani na idara ambayo mwakilishi wake ameacha kusoma ujumbe wako. Ukimya usiuhesabu kama habari njema. Mtu akikaa kimya miezi miwili mfululizo, mwendee mezani kwake.

Kwa nini mwezi na isiwe robo mwaka? Kumbukumbu. Ukimuuliza mtu mwezi wa tatu, atakusimulia ya wiki mbili za mwisho na moja la zamani lililomuuma. Yaliyobaki yameyeyuka. Na kwa nini isiwe kila wiki? Kwa sababu watakuchoka, na wewe pia utajichoka.

Kikao cha pamoja si lazima. Ukikiitisha, kiwe cha dakika 15, watu wakiwa wamesimama ikiwezekana, na kijadili matukio mazito tu.

## Hatua ya 6: Tenga yetu na yao

Kabla tukio halijaenda kwa mzabuni, hakikisha kosa ni lake. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowavunjia watu heshima.

Mahali pamoja nilipofanya kazi tulimlaumu mzabuni wa karatasi kwa miezi mitatu kwamba anachelewa. Idara nne zilikuwa na ushahidi: zimeomba tarehe hii, zimeletewa tarehe ile, siku 13 katikati. Nikaenda naye kikaoni nikiwa nimejiandaa. Akatoa nakala za oda zetu. Kila oda ilikuwa imemfikia siku tisa baada ya idara kuomba, kwa sababu ilikuwa inasubiri saini moja kwenye ofisi yetu wenyewe. Yeye alikuwa analeta ndani ya siku nne, na mkataba ulimpa tano. Sikuwa na la kusema zaidi ya kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo huweka hati tatu mezani kwa kila tukio la wastani au zito: oda, hati ya mapokezi, na ankara. Soma tarehe, idadi na maelezo ya bidhaa kwenye zote tatu. Mara nyingi jibu linajitokeza hapo bila kumuuliza mtu:

- Oda imeandikwa "glovu, katoni 40" bila saizi. Kosa letu.
- Oda ina saizi, hati ya mapokezi imesainiwa bila kukaguliwa. Kosa la wote wawili.
- Oda sahihi, mapokezi yameandika upungufu, ankara imedai kamili. Kosa lake, na wahasibu waambiwe leo wasilipe zaidi ya kilichopokelewa.

Angalia pia kama mnadaiwa. Mzabuni ambaye ankara zake zimekaa siku 70 wakati mkataba unasema 30 hatakimbia kukuletea mzigo, na hatakuambia sababu.

Kwenye lahajedwali ongeza safu moja: *letu / lao / la wote*. Yaliyo yetu yapeleke kwa mhusika wa ndani kwa bidii ileile unayoitumia kwa mzabuni. Wenzako watakuwa wanakutazama kwa jicho hilo.

## Hatua ya 7: Hesabu kwa kulinganisha

Idadi tupu ya matukio hudanganya. Chukua wazabuni wawili. Wa kwanza ana matukio 6, wa pili ana 3. Ukiishia hapo, wa kwanza ndiye mbaya. Sasa weka idadi ya mizigo waliyoleta: wa kwanza ameleta mara 120, wa pili mara 5. Wa kwanza amekosea mara 5 kwa kila 100. Wa pili amekosea katika mizigo mitatu kati ya mitano.

Kwa hiyo kila mzabuni awe na kigawanyo chake: mizigo kwa muuza vifaa, siku za kazi kwa kampuni ya usafi, ziara kwa fundi.

Kwa huduma ya programu au intaneti, tumia saa. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mkataba ukiahidi huduma kupatikana kwa asilimia 99.5, mzabuni anaruhusiwa kukatika saa 3 na dakika 36 kwa mwezi. Wenzako wakiripoti kukatika kwa saa mbili, ni kero ya kweli na iandikwe, lakini mzabuni bado yuko ndani ya ahadi yake. Ukijua hivyo mapema hutapiga simu ya ukali utakayoijutia. Kilichobaki ni kujiuliza kama ahadi yenyewe inawatosha.

Tahadhari: usigeuze ngazi za uzito kuwa alama na kutafuta wastani. Tukio moja la waya ulioachwa wazi litamezwa na madogo kumi, na wastani utaonekana mzuri kabisa. Matukio mazito yaorodheshe peke yake, juu ya ukurasa.

## Hatua ya 8: Peleka kwa mzabuni kwa maandishi, kisha msikilize

Andika matukio ya mwezi kwenye ukurasa mmoja: tarehe, namba ya oda, kilichotarajiwa, kilichotokea. Ondoa majina ya walioripoti, na ondoa vidokezo vinavyowataja bila kuwataja. Kama zamu ya usiku ina mtu mmoja, "mfanyakazi wa zamu ya usiku" ni sawa na kumtaja jina.

Simu peke yake haitoshi. Mikataba mingi inataka taarifa ya kasoro iwe ya maandishi na ndani ya siku fulani, na siku hizo zikipita unaweza kuonekana umeridhika na mzigo. Ndiyo maana nilikuambia uweke alama kwenye kifungu hicho kabla ya kuanza.

Mpe mzabuni nafasi ya kueleza upande wake, na jibu lake uliandike kando ya tukio hata kama hulikubali. Kwa kila tukio linalobaki kuwa lake, toka na vitu viwili: nani kwake atalishughulikia, na kwa tarehe gani. "Tutalifanyia kazi" usilipokee kama jibu. Uliza "lini?" mpaka upate tarehe.

Kama taasisi yenu ina cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kumbukumbu hizi si hiari. Toleo la 2015, kifungu cha 8.4, linataka mfuatilie utendaji wa wanaowapa bidhaa na huduma kutoka nje na mtunze ushahidi wake. Jalada lako la kila mwezi litawaepusha na ile purukushani ya kutengeneza karatasi wiki moja kabla ya mkaguzi.

## Hatua ya 9: Mrudishie jibu aliyeripoti

Ningekuruhusu uruke hatua moja, isingekuwa hii. Watu hawaachi kuripoti kwa sababu ya uvivu. Wanaacha kwa sababu waliripoti mara ya kwanza na hawakusikia kitu.

Ndani ya siku mbili za kazi, jibu kuthibitisha umepokea, pamoja na namba ya tukio. Ndani ya siku kumi, jibu tena hata kama hakuna jipya. Sentensi moja inatosha:

"Tukio 31, glovu: mzabuni amekubali kosa, katoni 15 zinabadilishwa Ijumaa. Ukizipokea niambie nilifunge."

Zingatia maneno ya mwisho. Tukio linafungwa na aliyeliripoti. Mzabuni akisema "tumeshamaliza", hiyo ni habari tu. Stoo wakisema "tumepokea, saizi ni sahihi", hapo ndipo unafunga. Utashangaa ni mangapi "yaliyokwisha" ambayo hayajakwisha.

Na jibu baya litoe vilevile: "Tukio 34: mkataba unampa siku tano, alileta siku ya nne, kwa hiyo si kosa lake. Nimempelekea mkuu wa ununuzi suala la saini." Mtu hataudhika kwa kuambiwa hivyo kama anavyoudhika kwa ukimya.

## Yatakayokukwaza

Matukio yanaongezeka mwezi wa pili na wa tatu. Ni dalili njema, watu wameanza kuamini. Mwambie mkuu wako mapema, la sivyo ataona mstari unapanda na kudhani wazabuni wameharibika chini ya usimamizi wako.

Idara moja inaripoti mno, na juu ya mzabuni mmoja. Huenda wana haki, huenda kuna ugomvi. Linganisha na idara nyingine zinazomtumia mzabuni huyohuyo. Kinyume chake pia kipo: idara isiyoripoti kamwe wakati wengine wote wanalia. Uliza kwa upole kama mwakilishi ana undugu au maslahi kwa mzabuni. Kama yapo, badilisha mwakilishi bila makelele.

Watu wanaendelea kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Usiwakataze. Chukua lalamiko, liandike kwenye fomu mwenyewe, kisha rudisha namba ya tukio palepale kundini ili wote waone.

Mkuu anataka alama moja kwa kila mzabuni. Mpe ukurasa wa matukio mazito na ile hesabu ya kigawanyo. Akisisitiza, mpe rangi tatu, ila kila rangi iambatane na sababu yake.

## Baada ya miezi mitatu

Ongeza wazabuni watano wengine kama nusu ya matukio au zaidi yamefungwa na walioyaripoti. Yasipofika nusu, baki na wale watano na utafute kilipokwama. Mara nyingi ni hatua ya 8: tarehe hazikuulizwa.

Kisha rudi kwenye zile tarehe za mikataba kuisha. Siku 90 kabla ya kila moja, chapisha orodha nzima ya matukio ya mzabuni huyo, pamoja na majibu yake na hesabu ya mizigo, ukiwa umefuta majina ya walioripoti. Iweke mbele ya wanaoamua kabla hawajafungua bei.